Barua ya wazi kwa Bodi ya Leseni: saa mnazihesabu, kazi hamuioni

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Leseni ya Washauri Nasaha

YAH: USIMAMIZI WA KITAALUMA WA WASHAURI WANAOSUBIRI LESENI

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Waheshimiwa wajumbe,

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani imefika ukingoni. Barua zetu za awali zilijibiwa kwa mstari mmoja, "tumepokea, tutalifanyia kazi". Baadaye zikahamia kwenye kamati, kamati ikatuelekeza ofisi ya usajili, na ofisi ya usajili ikaturudisha kwenye fomu ileile tunayoilalamikia. Danadana hii ina wahanga wawili ambao hawaonekani kwenye majalada yenu: mwanagenzi, yaani mhitimu anayetafuta leseni, na mteja aliyeketi mbele yake akiamini kwamba nyuma ya mtu huyu mgeni kazini kuna jicho la mzoefu.

Jicho hilo mara nyingi halipo. Kanuni zenu zinaeleza kwa undani saa ngapi za kazi na za usimamizi zitimizwe, ziandikwe wapi na nani azitie sahihi. Hakuna kifungu hata kimoja kinachotaka mtu aione au aisikie kazi yenyewe. Malalamiko yote yanayofuata yametoka hapo.

1. Hakuna anayesikiliza kikao

Fungueni kitabu cha saa cha mwanagenzi yeyote. Mtakuta mistari ya namna hii: "Jumanne, saa 8:00–9:00 mchana. Tumejadili wateja. Sahihi." Mstari huo una uzito uleule kwenu iwe wawili hao walichambua kikao neno kwa neno, au walikunywa chai wakilalamikia uongozi wa kituo.

Tuchukulie hata kwamba walijadili wateja kweli. Usimamizi wa kusimuliwa tu una tundu ambalo uaminifu hauwezi kuliziba. Mwanagenzi husimulia alichokikumbuka, na hukumbuka alichokielewa. Asichokielewa hakifiki mezani.

Mfano. Dakika ya 31 ya kikao mteja anasema, "Siku hizi nikilala natamani kusipambazuke." Mshauri anajibu, "Pole sana. Na lile zoezi la kupumua umelifanya wiki hii?" Mteja anaitikia kwamba amelifanya, mazungumzo yanaendelea kwa utulivu, kikao kinakwisha. Siku mbili baadaye mwanagenzi anamwambia msimamizi wake: "Amechoka, usingizi wake si mzuri, ila mazoezi anafanya." Hakudanganya. Hakusikia. Na msimamizi, awe na miaka 20 kazini, hawezi kusahihisha sentensi ambayo haijamfikia.

Kama kungekuwa na rekodi, sauti ingesimamishwa palepale. Msimamizi angeuliza: "Aliposema hivyo, wewe ulihisi nini?" Jibu la kweli mara nyingi ni woga, na woga ndio uliomkimbiza mwanagenzi kwenye zoezi la kupumua. Hapo ndipo fundisho linapoingia. Muulize mteja kwa neno lenyewe, "Umekuwa ukifikiria kujiua?", bila kuzungukazunguka, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, jua mawazo yanakuja mara ngapi, kama ana mpango, kama kifaa anachokifikiria kiko karibu naye, kama amewahi kujaribu, na ni nini kimemzuia mpaka leo. Kisha muandike pamoja mpango wa usalama: dalili kwamba hali inaanza kuwa mbaya, mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo hayo, jamaa anayeweza kumwambia wazi, namba za wataalamu na za dharura, na namna ya kukiweka mbali kile kifaa. Halafu msimamizi angesema jambo ambalo haliwezi kungoja wiki ijayo: mpigie simu mteja huyu leo.

Wanaofanya kazi hii wanajua pia kwamba kuna yasiyosemwa kwa makusudi. Nicholas Ladany na wenzake waliwauliza wanagenzi wa tiba ya kisaikolojia wamewaficha nini wasimamizi wao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 walikuwa wameficha jambo. Yaliyofichwa yalijumuisha kinyongo dhidi ya msimamizi mwenyewe, makosa ya kikazi na hofu ya kutathminiwa. Hakuna la kushangaza hapo. Mtu anayesubiri sahihi yako hatakuletea kosa lake mkononi.

Kinachokera zaidi ni kwamba mwanachuo huwekewa masharti makali kuliko mhitimu. Nchini Marekani, CACREP, chombo kinachoidhinisha programu za kufundisha ushauri nasaha, kinataka usimamizi wa mafunzo ya vitendo uhusishe rekodi za sauti au video, au kuangaliwa mubashara. Kwa nini ukaguzi uwepo mtu akiwa na mwalimu pembeni, utoweke siku anapopewa wateja wengi zaidi na wazito zaidi?

2. Hesabu za usimamizi wa kundi hazijumliki

Kundi ni zuri. Mwanagenzi husikia makosa ya wenzake kabla hajayafanya, na hugundua kwamba hayuko peke yake katika kuchanganyikiwa. Shida yetu ni pale kundi linapogeuzwa njia ya kubana muda.

Chukueni kalamu. Kundi la watu 8 linakutana saa 2, yaani dakika 120. Gawanyeni: dakika 15 kwa kila mmoja. Kama ana wateja 15 kwa wiki, kila mteja amepata dakika 1, na hapo hatujatoa muda wa matangazo, wa waliochelewa, wala wa yule mmoja mwenye kesi nzito anayekula nusu saa. Kundi likiwa na watu 12, dakika 15 zinakuwa 10. Mkimya hukaa mwezi mzima bila kesi yake kuguswa, na saa zake zinaandikwa sawa na za wengine.

California imeweka ukomo wa watu 8 kwa kundi, na saa 2 za kundi huhesabiwa sawa na saa 1 ya ana kwa ana. Huo si muujiza, ni hesabu ya kawaida. Kanuni zenu hazina ukomo wa kundi na hazitofautishi saa ya kundi na ya mtu mmoja.

3. Sahihi moja imegeuzwa rehani

Kwa mtu anayetakiwa kukamilisha saa 3,000, na nusu yake ziwe za kukaa na mteja moja kwa moja kama ilivyo Texas, kukaa na wateja saa 15 kwa wiki kunamaanisha wiki 100 za kazi. Ni miaka miwili bila kuugua wala kupumzika. Fomu yenu ya uhakiki inasainiwa mara moja tu, mwishoni, na mtu mmoja.

Sasa tazameni yanayoweza kutokea ndani ya wiki 100. Msimamizi anahama. Anafariki. Kituo kinafungwa. Wanakosana. Leseni yake inasimamishwa kwa kosa lisilomhusu mwanagenzi. Kila mojawapo linaweza kufuta kazi ya miaka miwili, na kila anayeshika kalamu hiyo anajua. Ndiyo maana wanagenzi hukubali kuongezewa wateja kupita uwezo wao, hufanya kazi za ofisi bila malipo, na hunyamaza wanapoona rekodi za malipo zikichezewa. Hakuna anayehitaji kutamka kitisho. Fomu inatosha.

Kuna na upande wa pili, nao hausemwi sana kwa sababu hauna mlalamikaji. Msimamizi aliyechoka na mwanagenzi asiyefaa huona rahisi kumtia sahihi aende zake kuliko kuandika tathmini mbaya na kuburuzwa kwenye malalamiko. Hivyo fomu hiyohiyo inayomkwamisha mwenye uwezo inampitisha asiye nao. Kama Bodi haina huruma na wanagenzi, basi iwaogopee wateja.

4. Anayekupangia wateja ndiye anayekutathmini

Vituo vingi vinampa mtu mmoja kofia mbili: bosi wa kazi na msimamizi wa kitaaluma. Bosi anataka idadi ya wateja itimie. Msimamizi wa kitaaluma anatakiwa aambiwe, "wateja hawa wamenizidi." Sentensi hiyo haisemwi kwa mtu anayeandika ripoti yako ya kazi. Matokeo yake ni saa ya usimamizi inayoishia kwenye orodha ya mafaili ambayo hayajafungwa na wateja waliokosa kuja.

Hatusemi kofia hizo zitenganishwe kila mahali. Kituo chenye washauri watatu hakiwezi. Tunasema pale zinapokaa kichwa kimoja, saa zigawanywe kwa maandishi: hii ya uendeshaji, haihesabiki, hii ya kitaaluma, inahesabika. Na mwanagenzi awe na mtu wa pili, nje ya kituo, anayeweza kumfikia.

Hali ni hiyohiyo kwa mwanagenzi anayemlipa msimamizi binafsi kutoka mfukoni, ila imegeuka chini juu: hapo msimamizi ndiye anayeogopa kumpoteza anayemlipa.

5. Leseni ya kushauri si ujuzi wa kusimamia

Mnamruhusu mtu kusimamia kwa sababu amekaa na leseni miaka kadhaa. Mshauri hodari bila mafunzo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anamgeuza mwanagenzi kuwa mteja, anachimba utoto wake huku kesi ikiwa imesahaulika, au anamwamuru tu: "Mimi ningemwambia hivi." Mwanagenzi anarudi na sentensi ya kukopa, anaitamka kwa mteja, na inaanguka kwa sababu si yake.

Usimamizi ni kazi yenye elimu yake. Mtaalamu wa usimamizi Janine Bernard alipendekeza mwaka 1979 kwamba msimamizi abadilishe nafasi kulingana na haja: mara mwalimu, mara mshauri, mara mwenzi wa kutafakari naye. Francesca Inskipp na Brigid Proctor wakaeleza kazi tatu za usimamizi: kukuza ujuzi, kulinda viwango vya kazi na maadili, na kumrudishia mshauri nguvu zake. Anayezijua tatu hizo anatambua, kwa mfano, kwamba mwanagenzi aliyempoteza mteja jana hahitaji somo la kujaza fomu leo, lakini kesho atalihitaji. Asiyezijua hushikilia moja tu, na kwa kawaida ni ile ya kukagua.

Tuongeze kwamba msimamizi mwenyewe hana wa kumsimamia. Uingereza, chama cha washauri nasaha cha BACP kinawataka hata washauri wake walioidhinishwa, wabobezi, wapate angalau saa 1 na nusu ya usimamizi kila mwezi. Kwenu, usimamizi ni kitu cha kupona kama surua: ukipata leseni hakikurudii.

6. Dharura haina mwenyewe

Saa tatu usiku mteja anatuma ujumbe kwamba ameshamsubiri mume wake vya kutosha na leo atammaliza. Mwanagenzi anampigia msimamizi. Simu imezimwa. Nani wa pili? Katika mikataba ya usimamizi tuliyoiona, nafasi hiyo ama ni tupu au haipo kabisa.

Swali la kumlinda anayetishiwa liliamuliwa zamani mahali kwingine. Katika shauri la Tarasoff mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya California ilisema mtaalamu wa tiba ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda anayelengwa na hatari kubwa ya kudhuriwa na mteja wake. Mwanagenzi hapaswi kuubeba uamuzi wa namna hiyo peke yake gizani. Na mteja naye anapaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba mshauri wake yuko chini ya usimamizi, msimamizi ni nani, na anapatikana vipi. Wengi hawaambiwi.

Majibu tunayoyatarajia kutoka kwenu

Mtasema usiri unakataza kurekodi. Usiri unakataza kurekodi kwa siri. Mteja hupewa fomu ya ridhaa iliyo peke yake, isiyofichwa ndani ya fomu ya kupokea huduma, inayosema nani atasikiliza, rekodi itakaa wapi na itafutwa lini, na kwamba akikataa hatanyimwa huduma. Rekodi ipewe namba, si jina. Ikae kwenye kifaa cha kituo chenye nywila na usimbaji, kamwe isiwe simu ya mwanagenzi, kwa sababu simu nyingi hujipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mwenyewe kukumbuka. Ifutwe baada ya kujadiliwa, na kufutwa kwake kuandikwe. Wateja wengine watakataa, na ni haki yao. Kwa hao msimamizi aketi ndani ya chumba kwa kikao kimoja mteja akiridhia, au mwanagenzi na msimamizi waigize kikao. Ikumbukwe kwamba mwanasaikolojia Carl Rogers alikuwa akirekodi vikao kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kisingizio cha vifaa kimezeeka.

Mtasema wasimamizi hawana muda wa kusikiliza. Hatuombi wasikilize saa 1,500. Mwanagenzi alete kipande cha dakika 10 kila wiki mbili, alichokichagua kwa sababu kilimshinda. Katika wiki 100 hivyo ni vipande 50, chini ya saa 9 kwa jumla. Kila miezi mitatu msimamizi achague mwenyewe kikao kimoja kizima bila kuarifu kabla, kwa sababu mtu akiachiwa kuchagua siku zote ataleta kilichopendeza. Kipande kichezwe ndani ya saa ya usimamizi iliyopo tayari.

Mtasema wasimamizi wenye mafunzo hawatoshi. Ni kweli, na hili ndilo jibu pekee lenye uzito. Kwa hiyo tunakubali kipindi cha mpito, na tunakubali usimamizi kwa video kwa walio mbali, mradi mwanagenzi na msimamizi wote wawe kwenye vyumba vilivyofungwa na mpango wa dharura utaje mtu aliye karibu na mteja. Tusichokubali ni uhaba kutumiwa kama sababu ya kutofundisha wale waliopo.

Mtasema Bodi si mwajiri na haiingilii mahusiano ya kazini. Sahihi hiyo inatafutwa kwa sababu yenu. Mliingilia siku mlipoichapa fomu.

Tunachoomba

(a) Kifungu kipya kinachotaka kazi ya mwanagenzi isikilizwe au iangaliwe kwa kiwango tulichotaja hapo juu, na kitabu cha saa kiwe na safu tatu za ziada: kilichosikilizwa, kilichoamuliwa, kilichofuatiliwa wiki iliyofuata.

(b) Saa zithibitishwe kila baada ya miezi mitatu, msimamizi akiwa na siku 14 za kutia sahihi au kueleza kwa maandishi kwa nini anakataa. Saa zilizokwisha kuthibitishwa zisifutwe na ugomvi wa baadaye. Msimamizi akifariki, akitoweka au kituo kikifungwa, Bodi ipokee ushahidi mwingine: ratiba za kituo, kumbukumbu za malipo, barua ya mfanyakazi mwingine mwenye leseni.

(c) Kundi lisizidi watu 8, saa 2 za kundi zihesabiwe kama 1, na angalau nusu ya usimamizi wote iwe ya ana kwa ana.

(d) Mkataba wa usimamizi wa maandishi kabla ya saa ya kwanza kuhesabiwa. Utaje malengo, vigezo vya tathmini, jina la msimamizi wa akiba wa dharura na utaratibu wa kuachana. Tathmini za maandishi ziwe kila miezi mitatu, na hakuna anayefelishwa mwishoni kwa kasoro ambayo hakuambiwa na kupewa muda wa kuirekebisha.

(e) Mafunzo ya usimamizi yawe sharti kwa wasimamizi wapya mara moja, na kwa waliopo ndani ya miaka miwili. Yahusishe msimamizi mwenyewe kurekodiwa akisimamia.

(f) Njia ya malalamiko ambayo haipeleki jina la mlalamikaji kwa anayelalamikiwa kabla Bodi haijamtafutia mwanagenzi huyo msimamizi mwingine. Hivi sasa nakala ya kwanza ya malalamiko hutumwa kwa msimamizi, kisha mnashangaa kwamba hampokei malalamiko.

Kama lipo la kuanza nalo kesho, ni (b). Halihitaji bajeti wala sheria mpya, ni kubadili fomu ya ukurasa mmoja.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likitaja kifungu kwa kifungu mnachokubali, mnachokataa na sababu. Tuko tayari kuketi na kamati yenu tukiwa na rasimu ya fomu mpya na mfano wa mkataba, vyote vimekwisha kuandikwa.

Kwa heshima,

Washauri nasaha wenye leseni, wasimamizi, na wanagenzi ambao majina yao tumeyahifadhi hadi ombi (f) litakapotekelezwa